Fungate ya Watu Wanne

Kabla hujamuuzia mtu kitanda, uliza ni nani atakayelala nyuma ya ukuta. Mengine yote ya kazi hii ya kupeleka wapenzi visiwani mtajifunza wenyewe, na mkikosea mteja atawafokea, mtaomba radhi, mambo yataisha. Hili la ukuta mimi sikuliuliza, na aliyeumia si mimi.

Mmekuja hapa kwangu Suneka na madaftari yenu ya chuo cha hoteli, mnataka niwaeleze niliuzaje fungate za kisiwani na gofu ya wapenzi mjini Kisii, miaka ya sabini, wakati hata kumpeleka mke Kisumu kulitaka sababu ya maana kama ugonjwa. Niliuza kwa mdomo, wanangu. Simu ilikuwa moja, ya kuzungusha, na ukiomba Mombasa asubuhi, pengine utaipata saa nane mchana, umsikie mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa. Mkiniambia leo eti mtandao uko polepole, nacheka tu.

Ofisi yangu ilikuwa meza. Ilikaa pembeni mwa duka la vitambaa la Bwana Premji, kati ya majora ya sare za shule na rundo la mablanketi. Bwana Premji alikuwa Mhindi aliyezaliwa papa hapa Kisii, na alijua kubishania bei kwa Ekegusii kuliko mama yangu mzazi. Binamu yake alikuwa na hoteli kwenye kisiwa kidogo kusini mwa Mombasa, ndiyo maana duka la vitambaa likaanza kuuza bahari. Ukutani, juu ya kichwa changu, tulibandika picha kubwa: Mzungu na mkewe chini ya minazi, kila mmoja na fimbo ya gofu, mke amemshika mume mkono.

Lo, picha ile! Akina mama walioingia kununua vitambaa vya sare walisimama wakaitazama mpaka watoto wakaanza kulia. Mmoja aliniuliza, "Na huyu mama, kwao hakuna kazi?" Mwingine aliikaribia, akaichunguza, akanihurumia: "Maskini. Mzee wake hana macho. Tazama anavyomwongoza."

Bwana Premji aliniajiri nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka shule ya bweni ya masista, Kiingereza kinanitoka puani. Wiki ya kwanza nilimkaribisha kila mteja kwa hotuba juu ya mawimbi na upepo mwanana. Hakununua hata mmoja. Bwana Premji alinisikiliza siku tano huku akipima vitambaa, kisha akaja mezani kwangu na yadi yake ya mbao mkononi.

"Kerubo," akasema, "unaanza na bahari kwa nini? Anza na ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani, Bwana?"

"Wake! Huyu mtu akienda siku kumi, nani anakamua? Yeye anakaa hapo anakusikiliza mambo ya mawimbi, lakini kichwani anaona kiwele kimejaa. Mtafutie mkamuaji kwanza. Bahari itajiuza."

Na kweli ikajiuza. Nilianza na ng'ombe, nikaenda kwa majani chai ambayo hayangoji mtu, nikamalizia na chakula. Hapo pia nilijifunza kwa kuumia. Kila mteja nilimwambia abebe mfuko wa unga wa wimbi na mwiko, kwa sababu bwana mmoja wa Nyamache alikaa kisiwani siku nne akila wali wa nazi na samaki, na aliporudi aliwaambia watu wote sokoni kwamba kwa Premji wanakupeleka mahali ukalale njaa. Mke wa bwana huyo huyo alinitia aibu nyingine. Hakuweza kukaa bure. Siku ya pili aliamka akakusanya mashuka ya vyumba sita, akayafua, akayaanika kwenye minazi. Meneja alidhani ameletwa kutafuta kazi, akamwandika.

Sasa gofu. Hoteli ile ilikuwa na uwanja mdogo wa mashimo tisa, na kila mwezi walifanya mashindano ya mume na mke, watu wawili kwa mpira mmoja. Mume anapiga, mke anapiga, mume tena, hadi uingie shimoni. Mzungu akikosea, mkewe anamwambia "bahati mbaya, mpenzi," huku ameuma meno. Mimi sikuwa nimewahi kushika fimbo ya gofu maishani. Niliuza hivyo hivyo. Wateja wakiniuliza ni mchezo gani, nilisema ni matembezi ya mume na mke wenye nia moja. Wakaona kumbe ni jambo la kanisa, wakatulia.

Ndipo alipokuja Samweli.

Samweli alikuwa mwalimu wa sekondari, kijana wa Nyacheki, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuja na mchumba wake Moraa, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mpole mwenye sauti ya chini. Walikuwa wanafunga ndoa kanisani mwezi uliofuata. Walikaa kwenye benchi langu wakiitazama ile picha, na Moraa akauliza kama maji ya bahari yana chumvi kweli au watu wanatia chumvi hadithi. Nilimwambia atayaonja mwenyewe. Aliziba mdomo kwa kiganja akacheka, na nikampenda tangu siku hiyo. Nawaambia hivyo ili mjue nilimfanyia nani niliyomfanyia.

Wiki moja baadaye akaingia baba yake Samweli, Mzee Ongaga. Mrefu, kofia mkononi, koti la mvua hata kukiwa na jua. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Alilima shamba zima la chai na hajawahi kuionja, kwa kuwa kanisa lilikataza. Mambo yake yote yalikuwa hivyo, yamenyooka.

"Wewe ndiwe msichana unayeuza bahari?"

"Ndiyo, Tata," nikajibu, kama tunavyomwita baba kwetu.

"Mwanangu anakwenda kuiona."

"Ndiyo, yeye na mkewe, kwa fungate."

"Mimi ndiye baba yake. Miaka sitini sijaiona. Mtoto ataionaje kabla yangu?" Akaiweka kofia yake juu ya meza. "Andika wanne. Mimi na mama yake pia."

Msicheke. Mimi mwenyewe sikucheka. Nilifurahi. Bwana Premji alikuwa ameniahidi kwamba siku nitakayopata watu wanne wa safari moja, nitakwenda nao kama kiongozi. Bahari nilikuwa naihubiri mwaka mzima bila kuiona! Nikafungua kitabu cha hoteli harakaharaka, nikaona "nyumba ya familia, watu wanne, karibu na uwanja wa gofu." Nikajiambia, hawa si familia? Nikaandika.

Nyinyi mnaojinyoosha kwenye makochi ya wakwe zenu, miguu juu, rimoti mkononi, ngojeni niwaeleze kidogo. Kwetu kuna chinsoni. Ni ile haya ya heshima kati ya mzazi na mwana, na zaidi kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Haoni kitanda cha mke wa mwanawe, wala huyo mke haoni chake. Hawaogi mahali pamoja, hawapishani mlangoni wakigusana nguo. Hata neno lenyewe la kulala halitamkwi kati yao.

Basi tazameni nilivyonaswa. Ili nijue kama nyumba ile inafaa, ilinipasa kumuuliza Mzee Ongaga, uso kwa uso, atalala wapi na mkewe, na mwanawe atalala wapi na mkewe. Mimi, msichana wa umri wa binti yake! Ningetamkaje? Ingekuwa kuvunja chinsoni pale pale kaunta, mbele ya majora. Kwa hiyo kwa ajili ya heshima nikanyamaza, na kwa kunyamaza nikawapeleka wote wanne mahali ambapo heshima haina pa kuweka mguu.

Na si kwamba sikuonywa. Siku iliyofuata Moraa alikuja peke yake, akajifanya anaangalia vitambaa, akasogea mpaka mezani kwangu.

"Dada Kerubo, kule... nyumba ziko mbalimbali?"

Nilikuwa na kalamu nyuma ya sikio na mambo chungu nzima. "Usijali, mdogo wangu. Kila kitu kiko sawa."

Ningepiga simu Mombasa nikauliza. Simu ilikuwa pale pale, mkono mmoja tu kutoka nilipokaa. Sikupiga. Niliona ni usumbufu.

Safari ilikwenda vizuri. Basi hadi Kisumu, treni hadi Nairobi, treni tena hadi Mombasa, Mzee Ongaga na mwanawe behewa moja, mimi na Moraa na Mama Bosibori, mkewe Mzee, behewa jingine. Mama Bosibori alikuwa mnene, mcheshi, na mikono yake ilikuwa imekomaa kwa jembe. Njia nzima alimlisha Moraa ndizi zilizochemshwa, akimwita binti yangu, binti yangu. Tulivuka kwa boti ya injini saa sita mchana. Mzee Ongaga alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema, akasema kumbe ni kweli. Moraa naye akayaonja upande wake, akanitazama akacheka tena.

Mhudumu akatuongoza hadi kwenye nyumba, akafungua mlango wazi. Wote tuliona mara moja. Sebule ndogo. Vyumba viwili, milango inatazamana kama watu wanaosalimiana. Katikati, bafu moja. Na kwa kuwa walikuwa wametuandalia kwa furaha, milango yote ilikuwa wazi, vitanda vyote vimetapakazwa maua mekundu.

Mzee Ongaga alikuwa ameinua mguu kuvuka kizingiti. Akaurudisha. Akageuka, akaipa nyumba mgongo, akatazama minazi.

"Ni nani aliyechagua nyumba hii?"

Nilikuwa nyuma yake. Nilifungua mdomo, na wallahi sauti haikutoka. Niliwaza Bwana Premji, niliwaza wadogo zangu wawili waliosoma kwa mshahara wangu, niliwaza habari hii ikifika sokoni Nyacheki ni nani tena atanunua kwangu. Muda wa kuwaza yote hayo ulikuwa mfupi tu, lakini ulitosha.

"Ni mimi, Tata," Moraa akasema, macho chini.

Samweli alimtazama mkewe akashangaa. Mama Bosibori akaweka mkono kifuani. Mimi nikafunga mdomo wangu. Eh, nikaufunga.

Mzee alichukua begi lake akaondoka kuelekea uwanja wa gofu, kwa sababu ndiko uso wake ulikokuwa umeelekea. Nikakimbilia kwa meneja. Hoteli imejaa pomoni kwa ajili ya mashindano, hakuna hata kona. Mwisho aliyetuokoa ni Mzee Athumani, Mdigo mmoja mzee aliyesimamia wabeba mifuko ya gofu. Alikuwa na banda la makuti mwisho wa uwanja, wanakoweka fimbo. Alisikiliza kisa changu, nusu yake ya uongo, akatikisa kichwa. "Hata kwetu mkwe ni mkwe," akasema. Akatoa fimbo nje, akaweka vitanda viwili vya kamba ndani. Mzee Ongaga na Mama Bosibori wakahamia huko.

Na hapa ndipo mambo yalipogeuka kichekesho, ingawa mimi kicheko changu kilikuwa na pini ndani.

Asubuhi Mzee Ongaga alitoka bandani, akakuta zile fimbo zimeegemezwa ukutani. Akachukua moja, akaipima uzito, akaishika hivi, vidole vimefungana. Mzee Athumani akasema, "Wewe umecheza."

"Sijacheza," Mzee akajibu. "Nimebeba. Kabla ya uhuru niliwabebea Wazungu kule kwetu mjini miaka mingi. Nilijua mpira utaanguka wapi kabla hawajapiga. Lakini kupiga, hata siku moja hawakuniruhusu."

"Basi leo nani anakukataza?"

Nilikuwepo, nilimwona. Alitazama kushoto, akatazama kulia, mzee mzima wa kanisa, kama mtu anayetaka kuiba. Kisha akapiga. Mpira ulipaa ukanyooka kama kamba, ukaangukia mbali kabisa kwenye majani. Alisimama pale koti la mvua likipepea, na aliponigeukia niliona machozi. Hakuyafuta.

Siku ya tatu ilikuwa ya mashindano. Wenzi fulani kutoka Nairobi hawakufika, nafasi ikabaki wazi, na Mzee Athumani akaandika majina ya wazee wetu bila kumuuliza mtu. Mama Bosibori alijifunga leso kiunoni akauliza, "Nafanyaje?" Mzee akamwambia, "Lima." Basi akalima! Aliinua fimbo ile juu ya kichwa kama jembe la msimu wa kwanza, akaishusha, na mpira ukaenda. Mara nyingine ulikwenda na bonge la udongo mkubwa kuliko wenyewe, Wazungu wakiziba macho, lakini ulikwenda. Na kwa kuwa mpira ni mmoja na zamu ni za wawili, ilibidi watembee pamoja. Nyumbani Mzee Ongaga hutangulia, mkewe nyuma hatua kumi na mzigo. Pale uwanjani nilimwona akipunguza mwendo, akamngoja. Shimo la tano wakawa wanakwenda bega kwa bega. Shimo la saba akambebea fimbo. Walishika nafasi ya pili kutoka mwisho, na walirudi bandani wakicheka kama watoto waliotoroka shule.

Ile picha ya ukutani, wanangu, niliyowauzia vijana, ikawa ya wazee. Na vijana je?

Uwanja wa gofu ulipakana na ufuo. Kutoka kwenye banda, mtu aliona maji yote, mpaka ngazi za nyumba ya familia. Moraa alikuwa ameshonewa vazi la kuogelea kwa kitambaa cha bluu cha dukani kwetu, na mimi ndiye niliyempimia. Atalivaaje, baba mkwe yuko pale na macho makali ya mbeba mifuko? Atatembeaje ufuoni ameshikana mkono na mumewe? Tayari alikuwa ameonekana hana haya. Kwa hiyo alikaa ndani. Siku nne, gauni refu, kitambaa kichwani, pazia limefungwa. Samweli alimbembeleza, kisha akanuna, kisha akaenda kuogelea peke yake. Nilimpelekea Moraa chakula. Siku ya mwisho nilijikaza nikamuuliza, "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mzee aliuliza," akasema. "Nilingoja. Hukujibu. Nikaona kesho utafukuzwa kazi, nami hawatanifukuza kwa nyumba tu. Watanikasirikia, yataisha."

Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua, na bado akanifunika. Nilimshukuru! Kumbukeni hilo mnaponiona mzee mwenye heshima: badala ya kwenda kusema ukweli, nilimshukuru nikatoka na sahani.

Hayakuisha. Tuliporudi, Mzee Ongaga alikutana na ndugu zake, wakakata shauri. Mke wa Samweli ameanza ndoa kwa kuvunja chinsoni, basi asiingie jikoni kwa mama mkwe mpaka watu wa kwao walete mbuzi wa kusafisha. Baba yake Moraa naye akawaka: binti yangu hana kosa, mbuzi hatoki. Moraa hakukana wala hakueleza. Na mwanamke asiyeingia jikoni kwa mama mkwe, katika boma la Kigusii, ni mgeni asiyeondoka. Aliinjika sufuria kwenye mafiga nje, kando ya ukuta, mvua ikinyesha juu ya ugali. Mama Bosibori alimpitia kimya, anaogopa hata kumwita binti yangu.

Haya yote niliyasikia kwa Samweli, alipokuja dukani amekonda. "Mama yangu analia," akasema, "mke wangu halii, na hilo ndilo linanitisha. Anasema nikitaka nimrudishe kwao." Alisema huku ameegemea kaunta chini ya picha ile ile. Bwana Premji alikuwa amenipandishia mshahara juma hilo hilo kwa sababu ya safari iliyofana.

Usingizi ulinipaa. Nikamwendea Bwana Premji nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaweka yadi chini.

"Mimi unaniambia kwa nini? Mimi ni mzee wa Nyacheki?"

"Hapana, Bwana."

"Basi leo duka halikuhitaji. Nenda."

Nilimkuta Mzee Ongaga malishoni, chini ya shamba lake la chai. Alikuwa amejichongea fimbo ya gofu kwa mti, na Mzee Athumani alikuwa amempa mipira mitatu. Ng'ombe walikuwa wamesogea kando kwa adabu. Nilisimama mbali, nikasema kabla woga haujanirudia.

"Tata, nyumba ile niliichagua mimi. Moraa hakujua. Aliniuliza kabla ya safari, nikamdanganya."

Alibaki ameishika ile fimbo. "Siku ile nilipouliza, ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako."

"Karibu?"

"Karibu kukugusa, Tata."

Alikaa chini kwenye majani, mzee yule. "Kwa hiyo nimemwonea mtoto wa watu," akasema. "Mwezi na nusu anapika kwenye mvua, na mimi niko hapa nacheza." Kisha akainuka. "Utayasema tena mbele ya wote."

Nikayasema. Ndugu zake watatu, Samweli, Mama Bosibori mlangoni pa jikoni, Moraa kando ya mafiga yake. Niliyasema yote, na la simu ambayo sikupiga. Hakuna aliyenitukana, na ningeona nafuu kama wangenitukana. Baba mkwe hamwombi radhi mke wa mwanawe, hakuna maneno ya jambo hilo katika lugha yetu. Mzee Ongaga alimpa Moraa mgongo kama ilivyo adabu, akaongea na mkewe, lakini kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Mama Samweli, mwambie mke wa mwanao aingie jikoni. Umwambie na mbuzi yupo, ila atatoka huku kwenda kwao. Nitamswaga mimi mwenyewe."

Mama Bosibori hakusubiri. Alitoka akamshika Moraa mabega kwa mikono yote miwili, akamwingiza ndani, na huko ndani tukasikia vilio, vya wote wawili. Nililia pia, nje, na hakuna aliyenibembeleza.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena kwa mdomo. Nilichora nyumba za hoteli kwenye karatasi, milango na bafu na yote, nikamwekea mteja maharagwe: makubwa wazee, madogo vijana. Mzee anayaweka mwenyewe, hili hapa, hili kule, bila kutamka neno la aibu. Wengine waliyasogeza mara tatu wakifikiri. Mmoja alilitoa harage la mkwewe nje kabisa ya karatasi, akaliweka kwenye meza ya Bwana Premji, nikajua nitafute kisiwa kingine. Chukueni hilo muandike, ni bora kuliko fomu zenu. Na mkikosea hata baada ya maharagwe, jibuni siku ile ile, mkiwa bado nyuma ya mtu.

Mwaka uliofuata Moraa aliingia dukani, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimemngojea muda mrefu. Nilikuwa nimepanga kila kitu na binamu yake Bwana Premji: yeye na Samweli, nyumba iliyo peke yake upande wa pili wa kisiwa, gharama kwangu. Nilimweleza haraka, nikimwonyesha karatasi, maneno yakigongana.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Ahsante, dada," akasema. "Lakini bahari sasa nikiiona nitakumbuka pazia. Fungate ilikuwa siku nne. Zile siku nne mnazo hapa dukani?"

Nilimwambia hatuna.

"Basi nipimie yadi tatu za kitambaa cha sare. Wanafunzi wangu wananingoja."

Nilishusha jora nikampimia, nikaongeza nusu yadi juu, nikakunja, nikamsogezea. Alikifungua tena kile kitambaa, akakipima kwa mkono wake, akaomba mkasi. Akakata ile nusu yadi taratibu, kwa mstari ulionyooka, akaniachia juu ya kaunta.